Bati Lenye Garanti

Nyumbani kwetu Kanyosha kulikuwa na vitu viwili vilivyotundikwa ukutani ndani ya kioo: picha ya Kaaba na garanti ya mabati. Picha ya Kaaba ilikuwa imepauka kwa jua mpaka Makka ikafanana na boksi la majani ya chai. Garanti ilikuwa safi. Baba aliipangusa vumbi kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, na mgeni akija, akishamaliza kuuliza habari za nyumbani, alionyeshwa garanti kwanza. Mimi nilionyeshwa baadaye, kama palikuwa na muda.

Asiyejua habari za mabati nimweleze. Mji wetu uko kando ya ziwa, na hewa ya ziwa inakula chuma polepole, kama mtu mwenye adabu. Kiangazi jua linakaanga paa mpaka misumari inalia. Kisha inakuja mvua na upepo wake wa milimani, mara nyingine mvua ya mawe, na kila nyumba inajuta. Kuta zetu ni za rukarakara, yaani matofali ya udongo ambayo hayakuonja moto hata siku moja, yakapakwa chokaa ili yaonekane yamesoma. Nyumba ya namna hiyo haina adui isipokuwa maji. Bati likiwa zima, ukuta unaweza kumzika aliyeujenga. Bati likivuja, ukuta unarudi kuwa tope, tena haraka kuliko ulivyotoka kwenye tope.

Kuta hizo alizijenga bibi yangu, mama yake baba, pamoja na marehemu mume wake. Alikanyaga ule udongo kwa miguu yake akiwa na mimba ya baba. Ndiyo maana, anasema, baba alizaliwa na kichwa cha tofali.

Baba ni fundi wa magari. Karakana yake iko mtaa wa Buyenzi: uwanja mweusi wa mafuta, na gari zilizokaa juu ya mawe kama kuku wanaotamia. Jina lake mjini linatokana na neno moja. Mteja akichukua gari na kuuliza kama itadumu, baba alikuwa anasema: motere nikiifunga mi, ikikufa, unairudisha. Na watu walirudisha. Kuna mwenye lori alirudi na motere, yaani injini, imekufa kwa ajili ya upumbavu wake mwenyewe, alikuwa ametia mafuta yasiyo yake. Baba aliifungua, akaona kosa, akaitengeneza bure. Mama hakusema naye siku kadhaa. Baba alisema neno si nguo, huwezi kulivua kwa sababu joto limezidi.

Kwa hiyo upepo ulipong'oa paa letu la zamani, lile la mapipa yaliyobanjuliwa, na mwenye duka mmoja wa Rohero, katikati ya mji, akamwambia kwamba mabati yake yana garanti ya miaka mingi, baba alidhani amekutana na fundi mwenzake. Mwenye duka alikuwa mtu wa kanzu nyeupe na sauti laini, tena walisali msikiti mmoja. Akampa karatasi. Ilikuwa ya Kifaransa, na mimi ndiye niliyekuwa mwanachuoni wa nyumba, nikiwa bado shule ya msingi. Baba akanikalisha kwenye ngazi za duka nimsomee, kisha nimsomee tena, mpaka nikaihifadhi kama juzuu.

Ilisema hivi. Usitoboe bati mahali pengine ila pale pa msumari. Usilipake rangi. Usiweke kitu kizito juu yake. Usiling'oe mahali lilipopigiliwa. Na likiharibika kabla ya muda wake, usilitengeneze, wala usimruhusu mtu alitengeneze, kabla mjumbe wa duka hajaja kulitazama kwa macho yake.

Mbele ya wageni baba aliniita niisome kwa kichwa. Siku moja niliisoma kwa sauti ya mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, nikivuta maneno kwenye pua na kufumba macho: usiii-toboeee. Wageni walicheka. Mama alinipiga kofi la mgongo lililomaliza sura yote.

Sasa tazama majirani walivyofanya. Mwanakanyosha mwenye akili huweka mawe juu ya bati lake, na magurudumu mabovu, ili upepo usilichukue. Tena tangu vita vianze, watu walikuwa wakikimbia risasi za milimani, wakirudi wanakuta kuta zimesimama zikitazama mbingu: paa limetembea, limehamia mtaa mwingine. Basi kila mmoja alichora alama yake ya rangi kwenye mabati, huyu msalaba, yule mwezi, mwingine samaki, ili akilikuta juu ya kichwa cha mtu mwingine aseme hili langu. Ukipanda kidogo kilimani ukitazama chini, mtaa ulikuwa kama ubao wa darasa mwalimu akiwa nje. Bati letu peke yake lilikuwa tupu. Halina jiwe, halina alama, halina hata muhogo uliokaushwa, maana mama alikuwa amekatazwa. Linang'aa tu.

"Tumewashia wezi taa," mama alisema.

Lakini tulipokimbilia Buyenzi kwa shangazi, tukakaa huko mpaka milio ikapungua, tulirudi tukalikuta paa liko palepale. La jirani mwenye samaki lilikuwa limeogelea zake. Baba alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi nikasema labda wezi nao wamesoma garanti.

Mvua za mwaka uliofuata ndizo zilizoonyesha. Upande wa chumba cha bibi, pale bati moja linapolala juu ya lingine, kutu ilikuwa imeingia na kula. Muda wa garanti ulikuwa haujafika hata nusu. Hatuna dari, kwa hiyo bibi, akiwa amelala chali, alikuwa wa kwanza kujua. Alisema anaona nyota na jua limewaka. Mvua iliponyesha, maji hayakudondoka katikati ya chumba, ambapo tungeweka beseni tukalala. Yalifuata mti wa paa, yakashuka ndani ya ukuta. Chokaa ikavimba. Bibi aliupapasa ukuta ule kama mtu anavyompapasa mtoto mwenye homa, kisha akaniita.

"Mwambie baba yako, ukuta unakunywa. Ukilewa utalala, na mi niko nao kitanda kimoja."

Nilimwambia baba. Nakuapia, alifurahi. Si kwamba alifurahia maji, hapana; alifurahi kwamba ile karatasi aliyoipangusa vumbi miaka yote sasa itaamka ifanye kazi yake. Alishusha kioo ukutani, akakifunga ndani ya taulo, tukapanda basi kwenda Rohero.

Mwenye duka alitupokea vizuri. Hilo ndilo baya lake: hakuna siku aliyotupokea vibaya. Alituletea kahawa ya tangawizi, akamuuliza baba habari za bibi, akaisoma garanti kana kwamba ni barua ya mchumba, akasema ni haki ya baba kabisa, hakuna la kubishana. Atamtuma mtu wake aangalie. Juma hili, inshallah.

Nyumbani tulijiandaa kama tunaposwa. Mama alipaka sakafu samadi upya, baba alinunua soda ya machungwa moja kwa ajili ya mjumbe, akaiweka juu ya kabati, akaniambia nikiigusa ataninyoa. Mjumbe hakuja juma hilo. Tulimngoja kama watu wanavyotafuta mwezi wa Idi, tofauti ni kwamba mwezi hatimaye huonekana. Mvua ilikuja bila kuitwa.

Jirani yetu mmoja, mama wa Kirundi aliyekuwa amekaa kambini na kurudi, alimletea mama shitingi, ile turubai ya buluu wanayopewa wakimbizi. Alisema tuitandaze juu ya chumba cha bibi, tuigandamize na mawe, kazi ya asubuhi moja. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Baba aliikunja akaiweka chini ya kitanda. Alisema mawe ni uzito, na kufunika ni kutengeneza. Nilimwambia karatasi haisemi popote kufunika. Akaniambia haisemi popote usifunike, nayo haisemi funika, basi tutauliza.

Tukaenda kuuliza. Mwenye duka alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Alieleza kwamba mtu wake anaogopa. Barabara ya kusini, hii ya kuja Kanyosha, ina vizuizi, basi zinageuzia njiani, juzi tu risasi zimesikika mpaka mjini, na yeye hawezi kumlazimisha mwenye watoto. Hapo hakudanganya, sisi wenyewe tulikuwa tunakimbizana na kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku, kila jioni. Baba akasema basi atang'oa lile bati alilete yeye mwenyewe, alibebe kichwani kutoka Kanyosha mpaka hapa.

"Ukiling'oa, muzee, nani atajua kama lilikuwa limepigiliwa vizuri?"

Baba alinigeukia mimi, hafidhi wa garanti. Nilikubali kwa kichwa. Ndivyo ilivyosema.

"Na kulifunika tu?" baba akauliza. "Mama yangu analala pale."

"Mi siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema apana. Ungoje mutu wangu. Atakuja, inshallah."

Njiani baba alisema yule ni mtu mwaminifu, angekuwa mwongo angesema ndiyo halafu kesho akatugeuka. Niliporudi nilimsimulia bibi, nikimwigiza mwenye duka, mkono kifuani, shingo pembeni. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema inshallah ya imani ina miguu, hutembea. Ile ya dukani ina kiti.

Usidhani hatukumwomba ahame chumba. Mama alimwomba, baba alimwomba. Alisema huo ukuta aliukanyaga yeye, haiwezekani aukimbie kabla haujamkimbia. Lakini aliomba kitu kimoja: ile shitingi. Aliiomba asubuhi, aliiomba jioni, kwa utaratibu, kama mtu anayemwomba mtoto wake maji. Baba alisema mama, vumilia kidogo, tukigusa tu tumepoteza paa zima. Hapo ndipo nilipoacha kucheka ndani ya nyumba. Nikahamishia kicheko changu mjini.

Lise yangu, yaani shule ya sekondari, iko karibu na lile duka. Asubuhi moja baada ya mvua nilikinga maji yaliyoshuka kwenye ukuta wa bibi, maji mekundu yenye udongo, nikajaza kibidoni, kidumu kidogo cha plastiki, nikabeba pamoja na vitabu. Wakati wa mapumziko niliingia dukani nikiwa na sare ya shule. Palikuwa na wateja. Nikapandisha kibidoni juu ya meza, mbele ya kanzu nyeupe.

"Shikamoo. Umetukataza kuling'oa bati, basi tumekuletea hivi hivi. Limeyeyuka."

Wateja walicheka. Mwenye duka naye alicheka, tena zaidi ya wote, akafuta machozi, akaniita mutoto mwenye akili, akanipa peremende mkono mzima. Akamwambia kijana wake amwage maji yale nje, polepole, yasichafue mlango. Nilitoka nikiwa na peremende mfukoni na kibidoni kitupu, na mpaka leo sijui namna ya kuelezea jinsi mtu anavyoweza kukushinda kwa peremende.

Habari zilimfikia baba kwa njia ya msikiti, kama habari zote. Nilingoja mkanda. Hakunipiga. Alikaa kwenye stuli yake, mikono yake myeusi imelala magotini.

"We unacheza na mutu mwenye kushika paa yetu," alisema. Basi. Na tangu hapo alienda Rohero bila mimi.

Watu wengi wanafikiri ukuta wa udongo huanguka mvua ikiwa inanyesha. Hapana. Mvua ikinyesha, maji yenyewe yanaushikilia. Huanguka siku jua likitoka, ukianza kukauka na kugundua jinsi ulivyolegea. Kwetu ilikuwa mchana mweupe, mbingu safi, mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Bibi alikuwa nje, ameketi kwenye jiwe, birika mkononi, anatawadha kwa ajili ya adhuhuri. Hakukuwa na kishindo. Ilikuwa kama mtu mnene anayeketi. Niligeuka nikaona ndani ya chumba cha bibi kutoka nje, jambo ambalo halipaswi kuwezekana: kikapu chake, kanga zake kwenye kamba, na mahali pa kitanda pana kilima.

Mama aliacha mtwangio. Baba alitoka mbio. Siku hiyo hakuenda karakana, barabara ilikuwa imefungwa. Bibi alitazama. Alikuwa amefika kwenye mikono. Akaendelea: akapangusa kichwa, masikio, akaosha mguu wa kulia, akaosha wa kushoto.  Akatandika mkeka wake palepale uani akasali rakaa zote nne bila kuharakisha, na sisi tumesimama kama wezi. Alipotoa salamu alimtazama mwanawe.

"Ile karatasi iko nzima?"

"Iko nzima, mama."

"Alhamdulillahi," bibi alisema, akaanza kukunja mkeka.

Nilingoja acheke, maana mimi utani nimeurithi kwake. Hakucheka. Alasiri hiyo alifunga kanga zake zilizobaki katika kitambaa, na barabara ilipofunguliwa akaenda Buyenzi kwa shangazi. Yuko huko mpaka sasa, katika chumba cha saruji alichopangiwa karibu na jiko. Ana afya. Nikimtembelea ananiuliza habari za mama, habari za shule, habari za jirani mwenye shitingi. Habari za nyumba haulizi.

Mjumbe alikuja kiangazi, kusini kulipotulia kidogo. Naam, alikuja. Kijana mpole, viatu vimepigwa rangi, kalamu mfukoni. Baba alimpa kiti, akamshushia ile soda kutoka juu ya kabati. Niliomba moyoni iwe imeoza. Haikuoza. Aliinywa yote akiwa anatazama juu, mahali ambapo bati, baada ya kukosa ukuta wa kulalia, lilikuwa limejikunja na kuning'inia kama sikio la mbuzi.

Alisema hawezi kuandika kwamba ni kosa la bati. Bati limejikunja kwa sababu ukuta ulianguka, na garanti haibebi makosa ya nyumba.

"Kutu huioni?" baba akamuuliza, kwa sauti ya chini.

"Kutu iko, muzee. Lakini ilianza mbele ya kujikunja ao nyuma yake? Nani aliona?"

Bibi aliona. Aliona nyota mchana. Nilifungua mdomo kusema hivyo, baba akaniinulia kidole kimoja tu, nikaufunga. Akamsindikiza mgeni mpaka barabarani, kama inavyotakiwa, akamshukuru kwa kuja kutoka mbali.

Alipopita kona, baba aliingia chini ya kitanda akatoa shitingi. Tuliitandaza siku hiyo hiyo, yeye na mimi, juu ya chumba kisicho na mtu, na kweli ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Sasa bati letu lina mawe mengi kuliko la mtu yeyote Kanyosha. Lina magurudumu mabovu kutoka karakana. Lina alama pia: baba alinipa rangi akaniambia nichore ninachotaka. Siku nyingine ningechora mwenye duka na kiti chake. Nilichora birika. Mama anakausha mihogo upande wa jua. Karatasi haikuchanwa wala kuchomwa, iko tu ndani ya kabati, chini ya vyombo vya wageni, na ukutani, karibu na Makka, umebaki msumari.

Juma lililopita nilipita karakana baada ya masomo. Mwenye pikapu, mteja wa miaka, alikuwa amekuja kuchukua gari yake. Baba alikuwa ameshaifunga motere, ameiwasha, inaimba vizuri. Yule mtu alipanda, akashika usukani, kisha akauliza kama wanavyouliza wote, si kwa wasiwasi, ila kwa kutaka kusikia jibu analolijua:

"Na ikikufa, fundi?"

Baba alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Tutaangalia," alisema. "Inshallah."

Mtu yule aliendelea kutabasamu, akingoja sehemu iliyobaki ya utani. Alinitazama mimi, maana Buyenzi nzima inajua kwamba utani uko kwangu. Baba alikuwa tayari ameingia chini ya gari nyingine, miguu yake tu inaonekana.

Nilimwambia mteja aende salama.